Mvua ya Wastani Hainyeshi: Hotuba kwa Wanafunzi wa Jiografia wa Kidato cha Tano na cha Sita, Dodoma

Mkuu wa Shule, walimu wenzangu, na ninyi wanangu wa kidato cha tano na cha sita, hamjambo? Marahaba, marahaba. Kaeni.

Mwalimu wenu wa Jiografia aliponiita alinipa mada iitwayo "Umuhimu wa Jiografia". Atanisamehe, mada hiyo nimeiacha getini. Hapa hakuna asiyeweza kuandika pointi saba za umuhimu wa Jiografia akiwa amefumba macho: inatoa ajira, inatunza mazingira, inakuza utalii, na kadhalika mpaka ukurasa ujae. Ukishaziandika zote saba, bado hujui kwa nini nje ya ukumbi huu kuna mibuyu na hakuna migomba. Mimi nimefundisha somo hili mpaka nikastaafu, na nina jambo moja tu la kuwaambia. Litachukua muda kwa sababu nitapita nalo Kongwa, Makutupora na Kondoa.

Kwanza, najua mlivyofika kwenye somo hili. Wapo wa michepuo ya HGL na HGK, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza au Kiswahili, ambao wanasoma Historia kwa mapenzi na lugha kwa matumaini, halafu katikati imekaa hiyo G kama abiria aliyebanwa kwenye daladala. Wapo wa CBG, yaani Kemia, Biolojia na Jiografia, waliotaka PCB, yenye Fizikia mahali pa Jiografia. Wapo wa EGM, yaani Uchumi, Jiografia na Hesabu, wanaojiona ni watu wa hesabu waliopita njia tu. Wachache sana waliichagua Jiografia yenyewe. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na desa, yale maandishi ya kukariri.

Mnajua ninachosema. Desa la Jiografia linarithishwa kaka kwa mdogo wake, limechapwa vibaya, na ndani yake kila kitu kina sababu sita, faida sita na hasara sita. Sababu za mmomonyoko wa udongo: sita. Sababu za msongamano wa watu: sita. Ukilisoma kwa bidii utafaulu mtihani wa kidato cha nne, maana kule unaulizwa "taja". Huku juu swali linageuka. Unaulizwa kwa nini jambo limetokea hapa na halikutokea pale, lini, na kwa kiasi gani. Desa haliwezi kujibu, kwa sababu desa halina mahali. Liliandikwa ili lifae Bukoba, Mtwara na Dodoma kwa pamoja, na mvua ya Bukoba ni zaidi ya mara tatu ya mvua yetu.

Basi tuanze na mvua, maana ndiyo ninayotaka kugombana nayo leo.

Fungua kitabu chochote, kitakuambia Dodoma inapata mvua kati ya milimita 550 na 600 kwa mwaka, na yote inanyesha katika msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili. Kwa nini mmoja? Ule ukanda wa mvua unaofuata jua huvuka kaskazini mwa nchi ukielekea kusini, halafu huvuka tena ukirudi, na kati ya kwenda na kurudi kuna nafasi. Ndiyo maana watu wa Tanga, Kilimanjaro na Arusha wana vuli na masika. Huku kwetu ukanda huo unafika ukiwa karibu na mwisho wa safari yake ya kusini, kwa hiyo kwenda na kurudi vinashikana kuwa msimu mmoja. Na kuanzia Mei unavuma upepo wa kusi kutoka baharini. Njiani unakutana na milima ya Nguru, Ukaguru na Rubeho, unapanda, unapoa, unaacha maji yake upande wa mashariki. Ukishuka huku umebaki upepo tu, na vumbi letu ndilo linalouona. Hayo ni maelezo, na ni mazuri. Mtayapata kwa walimu wenu kwa kina zaidi.

Ile namba ndiyo inayonisumbua, 550 mpaka 600. Mnaandika "wastani wa mvua" halafu mnapiga mstari chini, kana kwamba mmesema jambo.

Hebu tutunge vituo viwili vya kupimia mvua, namba ni zangu. Kituo cha kwanza, kwa miaka mitano mfululizo, kimepata milimita 580, 590, 600, 610 na 620. Cha pili kimepata 300, 450, 600, 750 na 900. Tafuta wastani: vyote viwili ni 600. Kwenye desa, vituo hivi ni mapacha. Sasa fanya ile hesabu ya mtawanyiko ambayo watu wa HGL mnaikimbia. Toa wastani kwenye kila namba, piga kipeo cha pili, jumlisha, gawa kwa tano, tafuta kipeuo chake cha pili. Kituo cha kwanza kinatoa 14. Cha pili kinatoa 212. Gawa kwa wastani uzidishe kwa mia, na utaona kwamba mvua ya kituo cha kwanza inayumba kwa asilimia 2 na ushee, ya cha pili kwa asilimia 35. Mkulima wa kwanza akishajua zao linalofaa milimita 600 anapanda na kulala usingizi. Wa pili akilipanda zao hilo hilo kila mwaka, kuna mwaka atakula mbegu.

Mvua ya wastani hainyeshi, wanangu. Hakuna mzee wa Kigogo aliyewahi kuloweshwa na wastani. Inayonyesha ni mvua ya mwaka huu, nayo inaweza kuwa 300 au 900. Hilo ndilo jambo langu moja. Yaliyobaki ni kuwaonyesha liliwahi kugharimu kiasi gani, na liliwahi kuokoa nini.

Gharama iko hapo Kongwa.

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imetoka vitani, watu wake wanapanga foleni ya mafuta ya kupikia. Serikali ya London ikatuma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, ambaye aliwahi kuongoza idara ya kilimo Tanganyika, uje utazame kama karanga zinaweza kulimwa huku kwa wingi. Ujumbe ulizunguka kwa wiki chache, maeneo mengi ukiyatazama kutoka kwenye ndege. Ukarudi na pendekezo la kulima zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa Tanganyika: Kongwa hapa kwetu, Urambo kule Tabora, na Nachingwea kusini. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa. Matrekta yaliletwa, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Wakaanza na vichaka.

Vichaka vya Kongwa mnavijua, wengine mmetoka huko. Mizizi imeshikana chini. Trekta zikavunjika. Mibuyu ikachosha watu. Haya yote mtayakuta katika kila simulizi ya mradi ule, na watu hupenda kucheka hapo kwenye mibuyu na vifaru. Mimi naona vichaka vilikuwa tatizo dogo. Kichaka kinaonekana, na fedha ikiwepo kinang'olewa. Kulikuwa na mambo mawili yasiyoonekana kutoka angani.

La kwanza, udongo. Sehemu za Kongwa zina mfinyanzi ambao ukilowa unafanya kazi, ukikauka unakuwa kama sakafu. Sasa fikiri karanga inazaa wapi. Inazaa chini. Msimu wa kuvuna ndio msimu wa kiangazi, na kiangazi ndipo ardhi inapokaza. Unakuwa na karanga, unaijua iko pale, na huwezi kuitoa. Mtu yeyote aliyewahi kung'oa karanga kwa mkono mwezi wa Juni katika udongo wa namna ile angewaambia bure.

La pili, mvua. Kumbukumbu za mvua za mahali pale zilikuwa chache mno, na mpango ulisimama juu ya kile kilichodhaniwa kuwa mvua ya kawaida. Mwaka 1949 ikaja mvua haba, karanga zikanyauka. Mradi ulioahidi kulisha Uingereza mafuta ukaachwa mwaka 1951, na pauni milioni 36 hivi zikafutwa kwenye vitabu vya serikali. Tafuteni wenyewe mtu angenunua nini kwa pauni milioni 36 wakati ule. Tulichobaki nacho ni ranchi ya ng'ombe pale Kongwa, ambayo kusema kweli ni matumizi ya busara zaidi ya ardhi ile, na kule kusini bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya karanga ambazo hazikuja.

Watu waliokuwa wakiishi hapa walijua? Walijua. Hawakuwa na kipimamvua, walikuwa na kumbukumbu. Miaka isiyofika 30 kabla ya matrekta, Ugogo ilipita katika njaa iliyoitwa Mtunya, kati ya mwaka 1917 na 1920. Na hapo nisimamishe mtu anayetaka kuandika "sababu: ukame". Ukame ulikuwepo. Lakini kabla yake majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalikuwa yamechukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo ya vita. Ukame uliikuta nchi ghala tupu. Mwaka mbaya wa mvua unakuwa njaa pale akiba inapokuwa imechukuliwa, na hiyo ni Jiografia pia, ingawa wa HGL mtasema ni ya kwenu.

Tazameni Mgogo alivyopanga maisha yake juu ya kituo cha pili, kile cha 300 na 900. Alipanda uwele na mtama, mazao yasiyozaa sana mwaka mzuri lakini hayakuangushi mwaka mbaya. Shamba lake halikuwa mahali pamoja, kwa sababu mvua ya huku inaweza kunyesha bondeni ikaruka kilimani. Ng'ombe wake wengine walikaa kwa rafiki au mkwe, mwendo wa siku kadhaa, ili ukame au ugonjwa ukipiga upande mmoja asifilisike. Mtaalamu akimwona kwa mara ya kwanza atasema mzee huyu hana mpango. Mpango ulikuwepo. Haukupangiwa wastani, ulipangiwa mtawanyiko.

Hiyo ndiyo gharama. Sasa niwaambie upande ambao mtawanyiko unatuokoa, maana mtu akiondoka hapa anadhani nimesema mvua kubwa ni mbaya tu, nitakuwa nimempoteza.

Maji mliyonawia asubuhi yametoka wapi? Nani anajua? ... Bombani, ndiyo. Na kabla ya bomba? Asante binti, Makutupora. Kaskazini mwa jiji letu kuna visima virefu ambavyo kwa miongo mingi ndivyo vimekuwa tegemeo la Dodoma. Maji yake yako ndani ya mawe ya itale yaliyopasuka na kuoza, chini kabisa. Jiji la nchi kame linakunywa maji ya chini ya ardhi. Swali la mwanajiografia: hayo maji yanaingiaje humo?

Kwa akili ya wastani utajibu hivi: kila mwaka inanyesha milimita 570, sehemu ndogo inazama, tuseme asilimia kadhaa, basi kila mwaka kisima kinaongezewa kiasi hicho. Vizuri kwenye karatasi. Watafiti walichukua kumbukumbu za kina cha maji cha Makutupora za miaka 55, wakazitazama mwaka hadi mwaka. Picha waliyoiona ni nyingine kabisa. Miaka mingi maji yanashuka tu, taratibu, hata kama mvua imenyesha ile tunayoiita ya kawaida. Halafu unakuja msimu mmoja wa mvua zisizo za kawaida, na kina kinaruka juu. Msimu ulioongoza katika kumbukumbu zote ule ulikuwa wa El Niño ya 1997 na 1998.

Mvua ile wazazi wenu wanaikumbuka kwa madaraja yaliyokatika na nyumba zilizoanguka, na ni kweli ilileta maafa nchi nzima. Ndiyo hiyo hiyo iliyojaza tangi la Dodoma. Mvua ndogo inalowesha juu, mimea inakunywa, jua linakausha, haifiki chini. Inatakiwa mvua inayonyesha mpaka udongo ushindwe kuibeba, makorongo yajae, maji yatuame na kupenya kwenye mchanga na nyufa. Kwa hiyo mtu anayepanga maji ya jiji hili kwa wastani wa mwaka anapanga kwa namba ambayo kisima hakiijui. Anatakiwa ahesabu kwa miongo: ni mara ngapi katika miaka 50 inakuja ile mvua kubwa, na kati ya moja na nyingine tunavuta maji kiasi gani.

Hapo ndipo sensa inapoingia, nayo nitaipita haraka. Mkoa wa Dodoma ulikuwa na watu milioni 2.08 mwaka 2012, na milioni 3.09 mwaka 2022. Fanyeni hesabu: ukuaji wa karibu asilimia 3.9 kwa mwaka, wakati nchi nzima, iliyotoka milioni 44.9 hadi milioni 61.7 katika miaka hiyo hiyo, ilikua kwa asilimia 3.2. Gawanya 70 kwa kila namba. Nchi inaelekea kuongezeka mara mbili katika miaka 22 hivi, mkoa wetu katika 18. Msiandike tu "serikali ilihamia Dodoma". Uamuzi wa makao makuu ulifanyika mwaka 1973, lakini watumishi wengi walianza kuja baada ya 2016. Watoto wanaozaliwa vijijini Chemba na Mpwapwa nao wamo kwenye namba hiyo. Tenganisheni waliohamia na waliozaliwa, halafu rudini Makutupora muulize kisima kinasemaje.

Sasa ramani. Naona nyuso zinakunjamana. Nimewahi kumwuliza mwanafunzi wa kidato cha sita, mwezi mmoja kabla ya mtihani, ramani ya skeli ya 1:50,000 maana yake nini, akanijibu "ni skeli ya kati". Ni kweli, na hakuna alichosema. Maana yake sentimita 2 kwenye karatasi ni kilometa moja kwa miguu yako. Ukiona kontua, yaani mstari wa mwinuko, ya meta 1,120 na ile ya 1,240 zimeachana kwa sentimita 4, umepanda meta 120 katika mwendo wa kilometa 2, yaani meta moja kwa kila meta 17 hivi. Baiskeli yenye gunia la mahindi haipandi hapo, unasukuma. Treni ndiyo kabisa.

Nimesema treni kwa makusudi. Wajerumani walipojenga reli ya kati, wakaanza Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Dodoma 1910 na Kigoma 1914, walikuwa na tatizo la kupandisha garimoshi kutoka nyanda za chini za Kilosa mpaka huku juu. Chukueni ramani ya Kilosa na Gulwe muone walichofanya. Walifuata bonde la mto, kwa sababu mto umekwisha kukutafutia mteremko nafuu. Akili hiyo ilikuwa sahihi. Bei yake ni kwamba reli ilikaa ndani ya mto. Mto Kinyasungwe unakusanya maji ya upande wetu huu na vilima vya Mpwapwa, unashuka ukiitwa Mkondoa, unaelekea Wami, na unashuka na mchanga wetu. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yaliisomba reli kati ya Kilosa na Gulwe, safari zikasimama. Hakuna jipya hapo, ilishasombwa mara nyingi kabla. Reli mpya ya kisasa iliyoanza kubeba abiria mpaka Dodoma mwaka 2024 imepita milima ya Kilosa kwa mahandaki na madaraja marefu. Mkiipanda, kaeni dirishani mtazame chini, muone reli ya zamani ilipo na mto ulipo. Hiyo ni mada ya usafirishaji, ya mito, ya usomaji wa ramani na ya mmomonyoko kwa nauli moja.

Na huo mchanga unatoka wapi? Twende Kondoa, halafu niwaache.

Kila desa lina Kondoa. Linasema: mmomonyoko, sababu ufugaji wa kupindukia, suluhisho mradi wa HADO. Mistari mitatu. Yaliyotokea ni haya: vilima vya Irangi vilikuwa na makorongo ya kutisha, serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden, na mwaka 1979 ikaamua jambo ambalo sijui kama lingewezekana leo. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda wote waliondolewa kwenye eneo la zaidi ya kilometa za mraba 1,200. Wote. Nyasi zikarudi, miti ikarudi, mito ya mchanga ikaanza kutulia, watu wakalima mahali palipokuwa mchanga mtupu. Mtu akisimama na picha za kabla na baada, anasema basi, mshtakiwa alikuwa ng'ombe, kesi imekwisha.

Lakini kuna watafiti waliochimba mashimo katika bonde la Haubi, wakapima umri wa tabaka za udongo ulioporomoka kutoka vilimani. Wakakuta kwamba baadhi ya tabaka ziliporomoka maelfu ya miaka iliyopita, mwishoni mwa enzi ya barafu, wakati hali ya hewa ilipokuwa ikibadilika na hapakuwa na mfugaji. Nyingine ni za miaka mia kadhaa hadi elfu moja, na huko mkono wa mwanadamu unaonekana, labda mashamba, labda moto, labda uchomaji wa miti kwa ajili ya kufua chuma. Kwa hiyo ng'ombe wa karne ya 20 alikuta kilima kilichokuwa kimeanza kuoza zamani. Je, hana hatia? Anayo, maana alizidisha. Ila kuna tofauti ya kuanzisha na kuzidisha, na mtihani wa kidato cha sita, ukiwa umetungwa vizuri, unaipima tofauti hiyo.

Halafu wale ng'ombe. Walikwenda wapi? Hawakuyeyuka. Walipelekwa nyanda za chini, kwa ndugu, kwenye malisho ya watu wengine ambayo hayakuwa na mradi wala mpiga picha. Kaya zilizobaki Kondoa zikakosa maziwa na samadi, mpaka miaka kumi hivi baadaye ndipo ikaruhusiwa kufuga ng'ombe wachache wa kulishia bandani. Mimi binafsi nadhani HADO ilifanikiwa kwenye ardhi na ikawa ghali kwa watu, na ningempa alama nzuri mwanafunzi anayeandika hivyo, na alama nzuri vilevile anayenipinga kwa ushahidi. Ambaye simpi ni yule wa mistari mitatu.

Najua kuna mtu anasema moyoni: mzee, hayo yote umesema kwa Kiswahili kitamu, sisi mtihani ni wa Kiingereza. Ni kweli, na ni mzigo. Ushauri wangu ni mfupi. Lielewe jambo kwa lugha unayootea ndoto, ulieleze kwa mwenzako bwenini mpaka akubali, ndipo ulitafutie Kiingereza. Mnaoanza na Kiingereza mnameza sentensi za watu, na sentensi ya kumeza inatambulika. Msahihishaji ameisoma mara mia mbili siku hiyo. Akikutana na aliyetaja Makutupora na mwaka 1997, anakaa vizuri kwenye kiti.

Kuhusu kazi, maana lazima mtu aniulize: wapo waliotoka Jiografia wakaenda kupima ardhi na kupanga miji Chuo Kikuu Ardhi, wapo waliokwenda chuo cha mipango hapa hapa Dodoma, wapo kwenye takwimu, wapo Mamlaka ya Hali ya Hewa, wapo walimu kama mimi. Aliye CBG na bado analilia PCB, ajue kwamba malaria nayo ina ramani.

Kazi ya mwisho. Mwalimu wenu amenionyesha kipimamvua kilichopo nyuma ya maabara. Ni kizima, kinavuja kidogo tu pembeni, fundi atakiziba. Kimekaa karibu mno na ukuta, kwa hiyo kabla ya Novemba kihamisheni uwanjani, mbali na nyumba na mti, angalau mara mbili ya urefu wa kitu kilicho karibu. Msimu ukianza kisomwe kila siku saa tatu asubuhi, Jumapili pamoja na Sikukuu ya Krismasi, siku isiyo na mvua iandikwe sifuri, isiachwe wazi. Kidato cha tano mtaanza, mkifika cha sita mtawafundisha wanaokuja. Daftari libaki shuleni, asiondoke nalo mtu akidhani ni lake. Mkifikisha misimu kumi, yeyote atakayekuwa darasani wakati huo atafute wastani, halafu atafute na mtawanyiko, anipigie simu kama nitakuwa hai, au ampelekee mhandisi wa maji wa jiji.

Nimekula muda wa kipindi kinachofuata, naona mwalimu wake anatazama saa. Tuna nafasi ya maswali matatu. Nianze na yule kijana aliyetikisa kichwa nilipomtetea ng'ombe wa Kondoa. Simama baba, niambie nimekosea wapi.